Oili ya gari kuukuu tuisimamie mpaka pipani

Ndugu msomaji mwenye IST, Corolla, Noah au Hiace iliyokula chumvi, wito huu ni wako na wa fundi wako. Kama gari liko kwenye biashara, basi ni wa dereva na tajiri wake pia. Toyota IST za toleo la kwanza zilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka 15, na Dar es Salaam bado unapishana nazo kila kona, zimebeba abiria, watoto wa shule, hata ndoo za samaki kutoka Feri. Hakuna aibu hapo, ndizo tulizozimudu. Ninachoomba ni kimoja tu: oili inayoingia kwenye gari hilo tuisimamie wenyewe, tangu dukani mpaka siku inapotoka ikiwa nyeusi. Kwa sasa wengi wetu tunachosimamia ni malipo.

Tuanze na kusoma. Gari likishuka bandarini mara nyingi huwa na kitabu chake kwenye droo ya dashibodi, kwa Kijapani, na wengi hukitupa. Usikitupe. Kijapani hukijui, sawa, lakini kurasa za nyuma penye jedwali la vipimo utaona "5W-30" imeandikwa kwa herufi hizi hizi tunazozijua, na karibu yake kiasi cha lita. IST yenye injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500, huchukua takriban lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kisha fungua mlango wa dereva uangalie fremu yake. Mara nyingi utakuta stika ndogo aliyobandika fundi wa Kijapani siku alipomwaga oili: tarehe, na kilomita za siku hiyo. Stika ikisema 98,000 na dashibodi ikasema 64,000, hapo umeshajua mengine zaidi ya oili.

Gereji zetu nyingi zina fatwa moja kwa gari la zamani: weka nzito. Fatwa hiyo ina nusu ya ukweli. Namba yenye W hueleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Namba ya pili hueleza uzito wake ikishachemka, kwenye nyuzi 100. Asubuhi kabla hujawasha, oili karibu yote imeshuka chini. Ya 5W hupanda upesi mpaka juu kwenye kamshafti, ya 20W huchelewa, na kwa wenzetu wa Makete na Njombe mwezi Julai huchelewa zaidi. Isitoshe, injini ya 1NZ ina mtambo wa VVT-i unaopanga wakati wa valvu kufunguka kwa nguvu ya presha ya oili, na oili hiyo hupitia kwanza kwenye kichujio cha waya kidogo sana. Masizi yakikijaza, gari linakosa nguvu na fundi anaanza kushuku plagi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: anza na 5W-30 iliyo kitabuni. Injini ikiwa inakula oili lakini haigongi, panda ngazi moja tu, 10W-40. Vitabu vya Toyota vya nchi za joto huruhusu 15W-40 na hata 20W-50 kwa baadhi ya injini, kwa hiyo siiti 20W-50 sumu. Ila isiwe ya kwanza kukimbiliwa. Oili nzito haizibi ringi zilizolika, inaficha moshi tu kwa muda, labda mpaka utakapoliuza gari, na aliyelinunua atakukumbuka kwa ubaya.

Namba hizo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni herufi mbili zinazofuata neno API, mara nyingi nyuma ya dumu kwa maandishi madogo. Za petroli huanza na S, na herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo ya karibuni zaidi: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Oili ya herufi ya mbele inafanya kazi ya zile zilizoitangulia, hivyo IST ya 2004 inapokea SN bila wasiwasi. Kinyume chake hakikubaliki. Bado yapo madumu ya bei chee yaliyoandikwa SF, na API yenyewe, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, inasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Gari lako ni kuukuu, ndiyo, lakini si kuukuu kiasi hicho! Wenye dizeli watafute herufi zinazoanza na C, kama CI-4.

Sasa tuje kwenye kilomita, ambako maneno ni mengi. Huko kwao, Toyota huwaambia wenye magari ya petroli yasiyo na tabo wamwage oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Matumizi yakiwa magumu, 7,500 au miezi 6. Ukisoma wanavyoyaeleza hayo matumizi magumu utadhani aliyeandika alikuwa amepanga Mbagala: njia mbovu, safari fupi fupi, injini kuwaka muda mrefu gari likiwa limesimama. Foleni ndiyo hiyo. Piga hesabu. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa ni saa 333 za injini kuwaka. Kilomita hizo hizo kwa mwendo wa 75 kwenye barabara ya Dodoma ni saa 67 tu. Dashibodi inasoma namba moja, lakini oili ya gari la mjini imefanya kazi mara tano. Ndiyo maana, kwa gari la umri huu ambalo historia yake hatuijui, nasema kilomita 5,000 au miezi 6, kimojawapo kikitangulia, na kila mara na filta mpya. Fundi akitaka kuisuuza filta ya zamani, mkatalie kwa upole. Akitaka kuosha injini kwa dizeli, mkatalie bila upole.

Gari la hesabu ndilo linaloumia kuliko yote. Dereva anawaza hesabu ya leo, tajiri anangoja aambiwe, na kile kikadi kinachoning'inia karibu na injini kinasema kilomita zilizokwisha kupita zamani. Matajiri, andikeni oili kwenye mkataba: nani ananunua, kwa kilomita ngapi. Na madereva, kila Jumapili tumeni picha mbili kwa WhatsApp, dashibodi na kijiti cha oili. Hakuna atakayemlaumu mwenzake injini ikinoki.

Maana kijiti ndicho chenye habari za kweli. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe dakika chache, vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Vitabu vya Toyota huweka ukomo wa kula oili kuwa lita 1 kwa kilomita 1,000. Injini iliyofika hapo, ikianza na lita 3.7, kwenye kilomita 3,000 imebaki na mililita 700. Miezi 6 haijafika, kadi inasema bado, na injini imeshakwisha. Wala usingoje taa nyekundu: katika magari haya taa hiyo hupima presha, haipimi kiasi, na ikiwaka ukiwa njiani zima injini hapo hapo, usijikongoje mpaka gereji. Weusi peke yake usikutishe, oili nzuri hubeba uchafu ndiyo maana inaiva. Kinachotisha ni rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji ndani, au harufu kali ya petroli. Ukiongeza, usipite alama ya juu. Oili iliyozidi hutoka povu, na povu halilainishi kitu.

Kuna jambo tunalolifanya wote bila kufikiri. Tukishamimina, dumu tupu tunaliacha pale gereji, zima, na kifuniko chake. Dumu hilo lina soko. Linajazwa oili chafu iliyochujwa au mchanganyiko wa ovyo, linabandikwa sili, linarudi dukani kwa bei ya "punguzo kwa ajili yako". Tusimlaumu muuzaji peke yake wakati chombo tumempa sisi. Toboa dumu tundu mbili kwa bisibisi kabla hujaondoka, kitakoni na ubavuni. Nunua kwa wakala anayejulikana na udai risiti ya EFD. Ukikuta oili unayoitilia shaka, risiti hiyo ndiyo itakayofanya usikilizwe na shirika la viwango, TBS, au Tume ya Ushindani, FCC.

Halafu ile iliyotoka. Katika gereji nyingi za mtaani huishia mtaroni, mtaro huingia Mto Msimbazi, na Msimbazi humwaga baharini karibu na Daraja la Selander. EPA, shirika la mazingira la Marekani, husema oili ya kumwaga mara moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, karibu lita milioni 4. Wengine huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, na mvua ya kwanza inaiosha hadi kisimani. Mafundi wetu wanainawa mikononi kutwa, na oili hiyo ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Jamani, glavu.

Pipa moja la lita 200 linatosha oili ya IST zaidi ya 50. Gereji tano za mtaa mmoja zikichanga pipa, likiwekwa chini ya bati na kufungwa kifuniko, mkusanyaji mwenye kibali ana sababu ya kuja kulichukua. Serikali za mitaa zinaweza kusaidia kwa kutenga mahali, na nawaomba wenyeviti wasingoje waandikiwe barua. Wewe mwenye gari una nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe ndiye unayelipa. Safari ijayo ukienda kumwaga oili, usikae kwenye benchi na simu. Simama karibu, ione oili chafu ikiingia pipani, toboa dumu lako, ndipo utoe hela.