Hesabu ya Karakana na Hesabu ya Watu



Wenye elimu hutuambia kwamba karakana ndogo zikikaa mahali pamoja hustawi, kwa kuwa ufundi huenea kwa jirani. Mwingereza Alfred Marshall aliandika hivyo mwaka 1890. Baadaye Mtaliana Giacomo Becattini akausifu mji wa Prato, wenye viwanda vya sufu. Ni kweli, lakini si yote. Tarehe 1 Desemba 2013, huko huko Prato, karakana ya nguo iliteketea, wakafa wafanya kazi 7, Wachina, waliokuwa wakilala humo humo kazini.

Basi ninyi mabwana mnaokuja Kamukunji, Nairobi, na madaftari kuhesabu nyundo na mabati, waulizeni vibarua pia: mwapata shilingi ngapi? Mtu akikatika kidole, nani humtibu? Majibu yao yaandikwe ukurasa wa kwanza.