Gari la Umeme na Tela la Viazi



Baba mmoja wa Yakobi ameuza miti yake. Aliipanda mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza, na sasa mtoto huyo yu karibu kuingia sekondari. Ameniuliza: motokaa gani ya umeme iliyo rahisi, itakayoweza kuvuta tela la viazi mpaka mjini, asinunue tena petroli? Mama wa nyumba hiyo naye ameuliza lake: je, ada ya shule itabaki? Nitawajibu wote wawili, nanyi wengine sikilizeni, maana fedha ya miti ikiisha kutumika hungojewa miaka kumi na zaidi.

Kwanza tuondoe neno moja. Wako wanaosema umeme hauna nguvu ya kuvuta. Si kweli. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapeleka watu kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, mabehewa mengi nyuma ya kichwa kimoja. Mota ya umeme huvuta kwa nguvu zake zote tangu gari liliposimama, wala haingoji injini ichangamke. Shida iko penginepo: katika betri, katika breki, na katika ruhusa ya mtengenezaji.

Gari la umeme ambalo fedha ya mkulima yaweza kulifikia ni lile lililotumika Japani, na linaloonekana zaidi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Ni gari zuri la mjini. Lakini Nissan hawakulitengeneza la kuvuta tela. Utajibiwa, “Fundi wa kuchomelea atatubandikia kulabu.” Ndugu yangu, chini ya sakafu ya gari hilo pana betri ya volti 360. Fundi anayetoboa na kuchomelea hapo bila kujua anacheza na kifo chake, na pengine cha watoto wanaomtazama. Isitoshe, siku tela litakapomwumiza mtu barabarani, kampuni ya bima yaweza kusema haikukubali kulabu hiyo, nawe utalipa kwa shamba.

Sasa tufanye hesabu ya njia. Gari la Leaf la mwaka 2011 lilipokuwa jipya, betri yake ilikuwa ya uniti 24, uniti zile zile unazonunua kwa Luku. Serikali ya Marekani ililipima ikaona lakwenda kilomita 117 hivi. Lakini wewe hununui jipya. Katika dashibodi yake, kando ya kipimo cha chaji, mna alama ndogo kumi na mbili zinazoonyesha uzima wa betri. Zikibaki nane, betri imebaki na theluthi mbili tu, yaani kilomita 78 hivi badala ya 117. Ukifunga tela zito, mwendo hupungua karibu nusu. Umebaki na kilomita 40. Kutoka Njombe mpaka Makambako ni kilomita 60. Tazama basi utalala wapi na viazi vyako.

Milima nayo ina hesabu yake. Kila tani moja ikipandishwa mita 100 hula karibu theluthi ya uniti, mbali na ule umeme unaotumika kwa mwendo wenyewe. Njombe iko juu ya Makambako kwa karibu mita 300. Kwa hiyo viazi huteremka, na tela tupu hupanda. Jambo hilo ni jema. Lakini mkulima gani wa kwetu arudiye na tela tupu msimu wa mbolea?

Na kuteremka kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Gari la umeme likiteremka, mota yake hugeuka ikawa kama mashine ya kuzalisha umeme, hurudisha chaji kidogo katika betri na kulizuia gari lisikimbie. Lakini ukiondoka nyumbani alfajiri betri imejaa pomoni, hapana nafasi ya kupokea umeme huo, na kazi yote huangukia breki za miguu. Weka nyuma tela lisilo na breki zake, lenye lumbesa sita! Na habari ya lumbesa niseme wazi: gunia lililoshonewa kilemba si kilo 100, hata mnunuzi akiliita gunia moja. Anayekadiria mzigo kwa kuhesabu magunia, breki zake zitamwonyesha uzito wa kweli.

Yapo magari ya umeme yaliyoruhusiwa kuvuta. Huko Ulaya, Hyundai Ioniq 5 na Tesla Model Y yameruhusiwa kuvuta tela lenye breki la kilo 1,600. MG4, ambalo ni rahisi kuliko hayo, kilo 500 tu. Hizo kilo 500 ni pamoja na uzito wa tela lenyewe, kwa hiyo toa chuma na magurudumu uone yamebaki magunia mangapi. Na haya mawili makubwa bei yake haiko katika miti ya baba mmoja. Basi kanuni ni moja kwa gari lo lote: fungua kitabu cha gari, tafuta uzito unaoruhusiwa kuvutwa, wenye breki na usio na breki. Kama kitabu hakiutaji, jibu ni hapana, hata muuzaji akiapa.

Mama ameuliza habari ya gharama za kila mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kodi mbali. Nyumba za kawaida hulipa 292. Kujaza betri ya uniti 24 kutakula uniti kama 27, maana nyingine hupotea njiani. Mara tatu tu kwa mwezi, na nyumba yenu imetoka katika bei nafuu: taa, redio na pasi vitalipiwa kwa bei ya juu pia. Hata hivyo umeme utakuwa rahisi kuliko petroli, hilo nalikubali. Lakini ongeza ushuru wa bandari, na ule wa uchakavu unaotozwa magari kuukuu, na siku betri itakapochoka kabisa. Bei uliyoiona katika simu ni bei ya Japani, si ya Yakobi.

Baridi yetu je? Hapa tuna bahati kidogo. Joto kali ndilo linaloua betri za Leaf. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, walilalamika sana. Ubaridi wa Njombe utaitunza betri miaka mingi zaidi, ingawa asubuhi za Juni na Julai itakupa mwendo mfupi.

Shauri langu ni hili. Usinunue gari la umeme kwa kuvuta tela. Kama wataka umeme ukufanyie kazi, tazama pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inayobeba mzigo mgongoni mwake wala haivuti. Huko Wedza, Zimbabwe, akina mama wa vijijini wamekuwa wakitumia za umeme za namna hiyo kupeleka mboga sokoni. Na hapa kwetu, mwaka 2022, Masoud Kipanya, yule mchora katuni, alionyesha Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolibuni. Kwa njia ya shambani mpaka barabara kuu, kitu kama hicho chatosha. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akipakie kilo zile zile unazobeba wewe, akipandishe mlima wenu mbaya kuliko yote, wakati wa matope. Akikataa, shukuru na uondoke.

Viazi vya Makambako viende kwa Canter la kukodi, majirani wanne mkichanga nauli. Na ada, Baba, ilipwe kwanza, kabla hujaenda kutazama cho chote chenye magurudumu.

Juma lijalo nitawajibu wale walioniuliza juu ya mbegu za viazi zinazochipua kabla ya mvua.