Nasaba ya Black Sabbath

Kuna kauli moja ipendwayo mno na mashabiki wa roki, hasa wa ule muziki mzito uitwao hevi metali, nayo ni kuwa bendi ya kweli ni ile ya watu walioianzisha, na kila aliyekuja baadaye ni mpangaji tu katika nyumba ya wenyewe. Kauli hii yastahili kupingwa, kwa kuwa imewanyima watu sifa waliyoitolea jasho. Mfano wake ulio wazi ni Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza.

Asili ya bendi hiyo haina ubishi. Mwaka 1968 vijana wanne wa mji huo wa viwanda waliungana: Tony Iommi mpiga gitaa, Geezer Butler wa gitaa la besi, Bill Ward mpiga ngoma, na Ozzy Osbourne mwimbaji. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Iommi alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani; akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize. Mlio ule mzito, wa chini, uliozaliwa na maumivu hayo, umeigwa na bendi zisizo na idadi. Asemaye kuwa wanne hawa hawakufyeka njia ni mwongo. Lakini kufyeka njia ni jambo moja, na kuwazuia wengine wasihesabiwe miongoni mwa wapitao ni jambo jingine.

Na zihesabiwe santuri. Black Sabbath imetoa santuri 19 za studio. Osbourne, aliyefukuzwa mwaka 1979, aliimba katika 9. Zile 10 ziliimbwa na watu wengine. Mtu wa pekee aliyemo katika zote 19 ni Iommi. Ikiwa jina hufuata koo la mwimbaji wa kwanza, basi zaidi ya nusu ya kazi hii ni mwana asiye na baba. Tena maneno mengi aliyoyaimba Osbourne katika miaka ile ya kwanza yalitungwa na Butler, si yeye. Wapenzi wa nasaba hawalitaji jambo hili, maana lingewalazimu kuulizana mwandishi ni nani: atungaye au atamkaye?

Mwaka 1979 Ronnie James Dio aliingia, na mwaka 1980 santuri ya Heaven and Hell ikatoka. Dio hakumwiga mtangulizi wake. Osbourne aliandamana na gitaa hatua kwa hatua. Dio aliliacha gitaa liende zake naye akapaa juu yake, na Iommi akalazimika kutunga kwa namna nyingine. Hilo si pango la kupanga, ni chumba kipya kilichoongezwa katika nyumba. Hata hivyo, mwaka 2006 Rock and Roll Hall of Fame ya Marekani ilipoitunuku Black Sabbath, iliwaingiza wale wanne wa kwanza peke yao. Dio alikuwa hai wakati huo. Alifariki mwaka 2010.

Undumilakuwili wa kauli hii huonekana zaidi kwenye ngoma. Mwaka 2013 bendi ilitoa santuri iliyoitwa 13, Osbourne akiwa amerudi. Ward hakuwamo, kwa kuwa hawakupatana juu ya mkataba. Ngoma zilipigwa na Brad Wilk wa Rage Against the Machine. Walinzi wa nasaba waliipokea kwa shangwe kama marejeo ya bendi ya asili. Mmoja katika wanne amekosekana, na asili bado ni asili! Yaonekana, basi, kwamba hesabu yao haikuwa ya wanne kamwe. Ilikuwa ya uso mmoja ulio mbele ya jukwaa.

Ama jina lenyewe, ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Santuri ya Seventh Star, aliyoimba Glenn Hughes, Iommi alikusudia kuitoa kwa jina lake mwenyewe. Wenye biashara wakataka jina linalouzika, na mwaka 1986 ikatoka kwa jina la Black Sabbath pamoja na la Iommi. Mwaka 2009 Osbourne alimshitaki Iommi kwa ajili ya jina hilo hilo, kisha wakapatana. Jina linalopelekwa mahakamani kama shamba haliwezi kuwa kipimo cha muziki.

Aliyedhulumiwa kuliko wote ni Tony Martin, mtu wa Birmingham kama wale wanne. Aliimba katika santuri 5, kuanzia The Eternal Idol ya mwaka 1987 hadi Forbidden ya mwaka 1995, katika miaka ambayo wengi waliiona bendi imekwisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: huyu alipewa jembe, akalima wakati wa kiangazi, akaondolewa mwaka 1991 ili Dio arudi, akaitwa tena Dio alipoondoka, na wakati wa mavuno hakualikwa. Si kwamba kila alichovuna kilikuwa kizuri. Forbidden ni santuri dhaifu, na atakayeitetea atapata taabu. Lakini udhaifu wake ni wa kazi, si wa ukoo, na Technical Ecstasy ya mwaka 1976, iliyopigwa na wanne wale wale watukufu, nayo haina haki ya kuicheka. Headless Cross ya mwaka 1989 yamtosha mwenye masikio.

Tarehe 5 Julai 2025 wanne wa kwanza walipiga pamoja kwa mara ya mwisho, huko Villa Park, nyimbo 4, zote za mwaka 1970. Na siku 17 baadaye Osbourne akafariki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, santuri 4 za Martin zilikuwa zimetolewa upya katika kasha moja. Ile ya tano, The Eternal Idol, haikuwamo.