Mtoto Akicheza, Mkubwa Husikia

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwambia mama mkwe wako kwamba namna anavyochota maji ya kunywa inaweza kuwaletea watoto ugonjwa? Mimi sijathubutu. Lakini Jumapili moja mtaani Nyalenda, Kisumu, nilimsikia msichana wa darasa la nne akimwambia nyanya yake hivyo, na nyanya akacheka.

Siri ilikuwa mchezo. Mama mtoto alikuwa amechora picha kumi kwenye vipande vya katoni: mtungi usio na kifuniko, maji yakichemka, ng'ombe wakinywa penye wachotaji, kijana akiosha gari ziwani, bomba linalovuja. Wachezaji huzipanga mafungu matatu: nzuri, mbaya na za katikati. Kila anayeweka picha lazima aeleze sababu.

Nyanya aliweka picha ya kikombe kwenye fungu zuri, kwani yeye hukiosha kila asubuhi. "Lakini nyanya," mtoto akasema, "vidole vinaingia majini."

Picha ya gari ilizua ubishi. Mjomba alisema kijana huyo anatafutia watoto wake unga. "Na oili inaenda wapi?" akaulizwa. Mwishowe waliiweka katikati: kazi aifanye, ila achote maji kwa ndoo na aoshee gari mbali na ufuo.

Mchezo huu ni sehemu ya mbinu iitwayo PHAST, ambayo Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliijaribu Kenya, Uganda, Zimbabwe na Botswana kuanzia 1993. Mtu akihutubiwa barazani huitikia tu, kisha akarudi kwake kama alivyokuja. Akikata shauri mwenyewe, hulishika.

Nasi wa Nyanza tuna sababu ya kushika. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, wagonjwa zaidi ya 14,000 wa kipindupindu walilazwa hospitalini katika mkoa huu, na zaidi ya 500 wakafa. Watafiti waligundua kwamba waliokunywa maji ya ziwa au kijito, waliokula pamoja na mgonjwa na waliokula matangani walikuwa hatarini zaidi. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika liko mlangoni petu, lakini maji yake huua yasipotibiwa.

Jioni watoto waliweka ndoo chini ya bomba la ploti lililokuwa likidondoka. Kulipokucha ilikuwa imejaa pomoni. Wapangaji, ambao kwa miezi walilaumiana, walichanga siku hiyo hiyo wakanunua raba mpya.

Nawe jaribu nyumbani. Tafuta katoni na kalamu, chora mambo ya boma lako mwenyewe, kisha waite wote, hata babu. Waache watoto waanze, nawe mama usikimbilie kusahihisha.

Na nyanya je? Siku iliyofuata alirudi kutoka sokoni na kata yenye mpini mrefu.