Kabla ya Kumlaumu Kedi, Pima Mpira Wako

Wasee wa gofu, leo mtanisamehe. Hii tabia ya kukosa shimo kutoka futi 8 halafu unamgeukia kedi, "Si ulisema inaenda kushoto?", imezidi sasa. Kijana amekubebea begi mashimo 18 kwenye jua, amechuchumaa akaisoma grini vizuri, halafu mwisho wa siku tipu inakatwa ati laini haikuwa sawa.

Kwani mpira wenyewe ulikuwa sawa?

Hapo ndipo watu hunyamaza. Mkubwa ana glovu mpya, viatu vinang'aa, lakini mpira ni ule uliovuliwa kwenye bwawa, ukapanguswa, ukauzwa bei ya mtumba. Na usifikirie wa dukani una ahadi yoyote. Kiini kinaweza kukaa kando kidogo ndani na wewe kwa nje huoni kitu. Sheria zinasema mpira usipungue milimita 42.67 kwa upana na usizidi gramu 45.93. Zinakataza pia kuutengeneza makusudi upoteze ulinganifu wake. Makusudi! Kosa la bahati mbaya kiwandani ni shida yako mwenyewe.

Mpira wenye upande mzito ukipigwa kwa nguvu hauonyeshi sana. Ni ukianza kupunguza mwendo karibu na shimo ndio ule uzito unauvuta pembeni. Hapo hapo mahali unapoanza kumtafuta kedi kwa macho.

Na kupima si sayansi ya roketi, bana. Chukua lita moja ya maji ya uvuguvugu, koroga chumvi ya jikoni kama robo kilo mpaka mpira uelee. Kwa maji matupu utazama tu, usinipigie kelele. Ukielea, ngoja utulie, weka alama ya kalamu pale juu kabisa. Uzungushe, uachilie. Rudia mara tano, sita. Alama ikirudi juu kila mara, upande wa chini ni mzito, huo mpira umepinda roho. Alama ikitokea popote popote, uko poa.

Uduara nao unapimwa kwa kalipa, ile ya fundi wa mashine. Pima pande kadhaa. Vipimo vikitofautiana waziwazi, huo peleka uwanja wa mazoezi.

Ule wenye uzito kando si lazima uutupe. Chora mstari unaouzunguka wote ukipitia ile alama ya juu, halafu kwenye grini uelekeze mstari unakotaka mpira uende. Uzito utazunguka mbele na nyuma badala ya kuvuta kando. Kuchora mstari kunaruhusiwa kabisa. Lakini fanya haya nyumbani, kwa sababu katikati ya shimo huruhusiwi kubadilisha mpira ati umekwaruzika. Mpaka ukatike au upasuke.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya mapro, sisi tunacheza tu kujifurahisha. Sawa. Basi jifurahishe bila kumkata mtu pesa ya unga! Huwezi kuwa mchezaji wa kujifurahisha wakati wa kupima mpira, halafu ukageuka pro wakati wa kulipa.

Na sisemi chumvi itakufanya bingwa. Hata kwenye PGA Tour kule Marekani, kutoka futi 8 wanaingiza karibu nusu tu. Hao wana mipira safi, grini laini kama meza, na kedi wa kulipwa vizuri. Wewe na mpira wako wa bwawani unataka zote ziingie, na zikikosa kijana alale njaa?

Wikendi ni kesho kutwa. Chumvi iko jikoni. Pima yote iliyo kwenye begi, na ile itakayofeli usimpe kedi ati ni zawadi.