Mwenye Kuhama Chama Arudi kwa Waliomtuma



Mkubwa akihama chama, sisi hugombana mara moja. Walioachwa humwita msaliti, waliompokea humwita shujaa. Twauliza neno moja tu: je, aliwauliza waliomtuma?

Tutazame kwanza Kenya, tupate kuamua bila hasira ya nyumbani. Ronald Ngala alikuwa mwalimu wa Kilifi. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliunda KADU kutetea makabila madogo, wakidai majimbo yenye nguvu. Mwaka 1963 akawa Rais wa Jimbo la Pwani. Lakini tarehe 10 Novemba 1964 alisimama Bungeni Nairobi akatangaza kwamba KADU imevunjwa na watu wake wanaingia KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa Jamhuri, na nguvu za majimbo zikapunguzwa sana. Mwaka 1966 Ngala akapewa uwaziri.

Hatumwiti mtu mbaya. Wabunge wake walikuwa wakimkimbia mmoja mmoja, na umoja una faida yake. Lakini mkulima wa Kilifi aliyepiga kura kwa ajili ya jimbo lake hakurudishiwa kura aamue upya.

Sasa tazameni mizani. Aprili 1966 Oginga Odinga alitoka KANU akaongoza KPU, chama cha upinzani. Papo hapo Bunge likatunga sheria: mbunge akihama chama, arudi kwa wapiga kura. Aliyeingia serikalini hakurudishwa. Aliyetoka ndiye aliyerudishwa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku.

Na sisi Wakongomani tusicheke. Mwaka 1967 Mobutu alianzisha MPR, na baadaye kila mtu akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Hapo hata kuhama hakukuwako, kwani pa kwenda hapakuwako.

Leo Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 110, yasema mbunge akiacha chama chake kwa kusudi, amekiacha na kiti. Ni sheria njema. Lakini isiwe fimbo ya kumpiga anayekwenda upinzani tu. Imguse pia anayefuata uwaziri Kinshasa.

Basi, ndugu, mheshimiwa akija na rangi mpya, msimpigie makofi wala mawe. Mwambieni: rudi kwanza, tukupime tena.

Kiti ni cha waliopanga mstari juani.