Gazeti la wasio na makao
Gazeti la mtaani huuzwa barabarani na mtu asiye na makao, ambaye kwa kawaida hulinunua kwa takriban nusu ya bei na kubaki na faida. Si sadaka hata kidogo: muuzaji huweka mtaji wake, na nakala zikimdodea, hasara ni yake. Mtindo huu ulivuma New York mwaka 1989 kupitia Street News, kisha London mwaka 1991 kupitia The Big Issue, ambalo humpa muuzaji mpya nakala chache za bure aanzie. Nchini Kenya, gazeti linalokaribiana na hayo lilizaliwa Desemba 2008 katika kambi ya Kakuma, Turkana: Kakuma News Reflector, au KANERE, linaloandikwa na wakimbizi wenyewe. Tofauti yake ni kubwa, tena inauma: KANERE husomwa bure, hivyo humpa mkimbizi sauti bila kumpa riziki. Gazeti linalouzwa mtaani lingeweza kujaribiwa hata Mbita, mji wa kaunti ya Homa Bay kando ya Ziwa Viktoria. Mbita haina umati wa London, lakini ina gati, na abiria anayesubiri feri ya kwenda Luanda Kotieno ana muda wa kusoma. Waandishi nao wapo. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilifurika na kuzihamisha familia za ufukweni katika kaunti za Homa Bay na Migori. Hakuna awezaye kuieleza gharika ile vizuri kuliko aliyeiona nyumba yake ikimezwa. Lugha za kuandikia ziko tayari: Kijaluo na Kiswahili, pamoja na Kisuba cha visiwani, ambacho wasemaji wake wanazidi kupungua.